Polisi wa Marekani, makaratasi na mbwa: yanayosemwa na ilivyo sheria

Kamati ya bunge la jimbo Marekani ikitangaza tu kwamba itachunguza sera ya polisi kuhusu wahamiaji, sauti za WhatsApp huanza kuzunguka miongoni mwa Waswahili wa Houston na Dallas. Wengi ni Wakongo waliopokewa kama wakimbizi, watu wenye sababu ya kumwogopa mwenye sare. Lakini mengi yanayosambazwa hayana miguu. Nachukua mfano wa Texas, ambako sheria ni kali na uvumi ni mwingi.

“Bunge linachunguza, basi sheria imeshapita.”

Bado. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140, katika miaka ya witiri. Vikao vikifungwa, Spika na Naibu Gavana huzipa kamati mada za kuchunguza: huita mashahidi, husikiliza wananchi, huandika ripoti. Ripoti haimkamati mtu. Ikizaa mswada, mswada huo huanza safari yake katika kikao kijacho.

“Polisi na ICE ni kitu kimoja.”

Hapa ndipo penye mchanganyiko mkubwa. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, na ICE ni idara yake ya kukamata na kufukuza wahamiaji. Mwaka 2012, katika kesi kuhusu sheria ya jimbo la Arizona, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kwa kawaida kuwepo nchini bila kibali si kosa la jinai, na ikafuta kifungu kilichowapa polisi wa jimbo ruhusa ya kukamata bila hati ya mahakama kwa kushuku tu kwamba mtu anastahili kufukuzwa nchini. Texas haikuridhika: mwishoni mwa 2023 ilitunga sheria yake ya kuwaadhibu wanaovuka mpaka kinyemela, ikaburutwa mahakamani.

Lakini upo mlango uliofunguliwa mwaka 1996, kifungu cha 287(g), ambapo polisi au sherifu (mkuu wa usalama wa kaunti) anasaini mkataba na ICE, askari wake wanafunzwa, kisha wanafanya baadhi ya kazi za uhamiaji. Mwaka 2025 Texas ilipitisha sheria ya kuwataka masherifu wanaoendesha jela waingie mikataba hiyo. Kwa hiyo anayesema “hawahusiani kabisa” naye anapotosha.

Na California je? Sheria yake ya 2017 inawakataza polisi kumuuliza mtu hali yake ya uhamiaji, wala hawaruhusiwi kumshikilia zaidi kwa ombi la ICE. Texas mwaka huohuo ilikwenda upande wa pili: idara haiwezi kumzuia askari wake asimuulize mtu aliyezuiliwa kihalali, na jela lazima ziheshimu ombi hilo, ambalo ni la hadi saa 48. Ila popote ukiingizwa jela na kuchukuliwa alama za vidole, alama hizo zinapita FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, na kufika kwa wenye uhamiaji. Jimbo rafiki halizuii hilo.

“Ukipiga simu polisi umepigwa, utaishia kuulizwa wewe.”

Dhana hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa sababu mwenye kufaidika nayo ni yule anayempiga au kumdhulumu mwenzake. Hata sheria ile kali ya Texas inasema mwathirika au shahidi asiulizwe hali yake, isipokuwa pale uchunguzi unapolazimu, au ili aelezwe kuhusu viza za kumlinda anayesaidia polisi. Mojawapo, viza ya U, ipo tangu mwaka 2000. Nafasi zake ni 10,000 kwa mwaka na foleni ni ndefu, lakini ipo. Anayeulizwa ana haki ya kutojibu alizaliwa wapi. Kudanganya ni jambo jingine, hilo lina kesi yake. Na asiye raia wa miaka 18 au zaidi anatakiwa kutembea na hati yake ya uandikishaji, kama vile green card, jambo ambalo wengi hawalijui.

“Mbwa wao wananusa wasio na makaratasi.”

Mbwa hanusi viza. Uvumi huu una chanzo: kwenye vizuizi vya Doria ya Mpaka, kama cha Falfurrias kusini mwa Texas, wapo mbwa waliofunzwa kunusa dawa za kulevya na watu waliofichwa. Polisi wa kawaida akikusimamisha kwa kosa la barabarani, tangu hukumu ya mwaka 2015 haruhusiwi kukuchelewesha ili tu mbwa aletwe, bila sababu ya msingi ya kukushuku.

“Mbwa wa mlemavu lazima awe na cheti.”

Hapa hakuna Texas wala California, sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 ni moja nchi nzima, na inaibana idara ya polisi pia. Maswali yanayoruhusiwa ni mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kufanya kazi gani? Cheti hakidaiwi, koti maalumu la mbwa halidaiwi, wala mtu haulizwi anaumwa nini. Mbwa wa kufariji tu hahesabiki. Texas humtoza anayedanganya kuhusu mbwa wake faini ya hadi dola 1,000 pamoja na saa 30 za kazi za jamii.

Madereva wetu wa teksi walijue hili hasa. Kuogopa mbwa, mzio, au kuona mate yake ni najisi si sababu ya kumwacha abiria kipofu kando ya barabara. Misikiti na makanisa yamesamehewa na sheria hiyo, teksi haikusamehewa.