Kabla hujaniuliza kadi ya picha, niambie unarekodi na kamera gani

"Fundi, nina milioni 3. Nataka mashine ya kuediti video na kuchezea gemu. Niweke kadi gani?"

Swali hili nakutana nalo kila mara, na ubaya wake ni mmoja tu: limeanzia mwisho. Wengi wanaoniletea bajeti ya kati hapa Arusha wanakula kwa video. Wanapiga harusi za Njiro na Sakina, wanatengeneza matangazo ya kampuni za utalii, wanakwenda Ngorongoro na kurudi na faili za GB 200. Gemu ni la usiku, kazi ikishaisha. Kwa hiyo nikiulizwa kadi, nami nauliza kamera.

Nilijifunza kwa hasara. Kuna kijana nilimfungia mashine yenye prosesa ya Intel Core i5-12400F na kadi ya picha ya NVIDIA RTX 3060. Kwenye gemu ilikuwa moto, tukapongezana. Siku ya tatu akapiga simu: "Kaka, hii kitu inakwama." Nikaenda kwake na kumkuta amefungua video ya 4K iliyotoka kwenye Sony yake, kipande kimoja tu, bila athari yoyote, na picha inaruka kama mkanda uliochakaa. Prosesa ilikuwa imefika asilimia 100. Kadi ya picha, ambayo ndiyo iliyokula pesa nyingi kuliko kitu chochote ndani ya kasha, ilikuwa imelala.

Sababu ni hii. Simu nyingi huandika rangi ya video kwa mfumo wa 4:2:0, yaani nukta nne za picha zinagawana rangi moja. Kamera kama Sony A7 IV inaweza kuandika 4:2:2 kwa biti 10, ambapo ni nukta mbili tu zinazogawana. Tofauti utaiona ukianza kuchezea rangi: shuka jekundu la Kimasai halimwagikii kwenye majani, na vumbi la jua la jioni halikatikikatiki kama ngazi. Lakini faili hilo, likibanwa kwa H.265 (mfumo wa kubana video), ni zito kufumbua. Ili uone fremu moja, kompyuta hulazimika kufumbua na jirani zake. Kazi hiyo inahitaji saketi maalumu, na saketi za kadi za mfululizo wa RTX 30 (kama hiyo 3060) na RTX 40 hazifumbui H.265 ya 4:2:2 kabisa. Zinamrushia prosesa mzigo wote.

Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina saketi hiyo, inaitwa Quick Sync, nayo imekaa ndani ya kadi ndogo ya picha inayokuja na prosesa yenyewe. Herufi F mwishoni mwa jina maana yake kadi hiyo imezimwa. Nilimchagulia F ili kuokoa pesa kidogo, nikaondoa chombo pekee alichokihitaji. Nilimbadilishia i5-12500 na tofauti nikaibeba mimi. Video ikateleza siku hiyohiyo.

Mbona 12500 na si 12400 ya kawaida? Zote zina viini 6, lakini kadi ndogo ya ndani ya 12400 ni UHD 730 yenye injini moja ya video, na ya 12500 ni UHD 770 yenye mbili. Pesa ikiruhusu panda hadi i5-13500, yenye viini 14. Na kwenye kamera ya Sony chagua XAVC HS, ambayo ni H.265, badala ya XAVC S, ambayo ni H.264. H.264 ya 4:2:2 hata Quick Sync ya prosesa hizi haiigusi.

Mashabiki wa AMD, washindani wa Intel, najua mnakuja. Ryzen 5 7600 ni prosesa nzuri sana kwa gemu, na soketi yake (tundu la prosesa) ya AM5 AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi, wakati LGA1700 ya hizi Intel iliishia kizazi cha 14. Ukirekodi kwa simu, chukua Ryzen bila wasiwasi, hata Intel yenye F haitakusumbua. Lakini kadi iliyomo ndani ya Ryzen hiyo nayo haifumbui 4:2:2. Njia nyingine ni RTX 5060 ya 2025, kwa sababu mfululizo wa RTX 50 ndio NVIDIA walioweka ufumbuzi wa 4:2:2. Ukiipata kwa bei inayoingia kwenye mfuko wako, na ukatumia toleo jipya la programu ya kuediti, nusu ya niliyoandika hapo juu haikuhusu.

Wengine tunabaki tukichagua kati ya RTX 3060 ya GB 12 na RTX 4060 ya GB 8. 4060 ina kasi zaidi kwenye gemu, inakula wati 115 dhidi ya 170, na inaweza kutoa video kwa AV1, mfumo mwingine wa kubana video. Hata hivyo, kwa mtu wa video mimi bado napendelea GB 12. Ukirundika athari juu ya 4K, kumbukumbu ya kadi ikijaa, kasi haina maana tena. Hakikisha tu imeandikwa 12, maana iko 3060 ya GB 8 pia. Kabla hujatoa pesa, omba kadi ichomekwe na ufungue GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi. Sokoni kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina, na programu hiyo hutambua nyingi.

RAM: GB 32, vipande viwili vya 16, si kimoja cha 32. SSD ya NVMe ya TB 1 kwa kazi inayoendelea, na diski kuu ya kawaida kwa kuhifadhi harusi za mwaka jana. Kupoza kwa maji acha. Mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Julai tunafungua duka tumevaa makoti, na feni inayokuja na i5 ya wati 65 inatosha. Adui wetu ni vumbi. Tafuta kasha lenye vichujio mbele, na upulize kwa bloa kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Kuna wanaoniletea kompyuta ya ofisini ya Dell OptiPlex nyembamba ya mtumba niiongezee kadi. Pawa saplai yake ni ya umbo lake yenyewe na nafasi ya kadi ni nusu kimo. Usinunue hiyo kwa kazi hii.

Na pawa saplai ndiyo sehemu ambayo watu hubania. Nimeona mashine ya milioni 3 inayolishwa na kisanduku chepesi kama kopo tupu, kimeandikwa wati 700 kwa herufi kubwa. i5-12500 ikikimbia hufika wati 117, 3060 ni 170, ongeza vilivyobaki, uko kwenye 350. Wati 550 za kweli, zenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, zinatosha na kubaki.

Hesabu hiyohiyo ipeleke kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), kwa sababu hapo VA, namba inayoandikwa kwenye boksi na ambayo si wati, huwadanganya wengi. UPS ya VA 650 hubeba kama wati 360 tu. Ukiwa katikati ya gemu na kioo nacho kimechomekwa humo, umeme ukikatika UPS nayo inazima papo hapo. Chukua VA 1,000 au 1,200. Haitakupa saa nzima, itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu.

Kama vifaa unavitoa Kariakoo, viagize vikiwa kwenye maboksi yake, tufunge hapa. Ukilazimika kuleta mashine iliyokwishafungwa, mwambie muuzaji achomoe kadi ya picha aifunge peke yake. 3060 ikining'inia kwenye mazabodi njia nzima kutoka Dar, kila tuta linaivuta.