Mfumuko umeshuka, mbona soda haijashuka?

Dhana inayosumbua wengi ni hii: mfumuko wa bei ukishuka, bei nazo zinashuka. Sivyo. Mfumuko ni kasi ya kupanda, si bei yenyewe. Kwa takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa hapa Kenya, ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, ukaja 6.9 Oktoba 2023, kisha 2.7 Oktoba 2024. Wachumi walishusha pumzi. Sasa piga hesabu kama mtu aliyeshika kikapu: vitu vilivyonunuliwa kwa shilingi 100 Oktoba 2021 vilitaka kama 110 mwaka uliofuata, halafu 117, halafu 120. Mwaka ule wa "afueni" ndio ulikuwa ghali kuliko yote.

Wengine wanasema bei ikishapanda hairudi. Hapo inategemea unanunua nini. Katikati ya 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Mvua ziliporudi na mahindi yakapatikana, ikalegea. Nyanya ndiyo usiseme: wiki hii tatu kwa ishirini, mwezi ujao moja kwa kumi. Soda haina msimu wa mavuno. Ndani ya bei yake kuna sukari, chupa, umeme, dizeli ya lori na mishahara, na wateja wakishazoea bei mpya, nani ana haraka ya kuirudisha?

Halafu kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa maji ya chupa, soda na juisi hutozwa kwa lita. Oktoba 2022 KRA, mamlaka inayokusanya kodi, iliupandisha kwa asilimia 6.3 ili uendane na mfumuko. Yaani bei zilipanda, ushuru ukapanda kwa sababu bei zimepanda, na bei zikapanda tena. Sheria ya Fedha ya 2023 iliufuta utaratibu huo.

Dhana nyingine: "Mimi sinunui kwa dola." Unanunua, mama. Mafuta ya kupikia unayopimiwa dukani hutokana kwa sehemu kubwa na mawese ya Malaysia na Indonesia. Indonesia ilipozuia kuyauza nje mwishoni mwa Aprili 2022, soko lilitikisika hadi jikoni kwetu. Januari 2024 dola ilipofika kama shilingi 160, kila mtungi ulioingia bandarini ulikuja na bei hiyo mgongoni. Kumlaumu mwenye duka ni rahisi kwa sababu ndiye tunayemwona.

Dhana ya mwisho ndiyo ya hila: "Hii haijapanda." Andazi bado ni shilingi kumi, ndiyo. Lishike mkononi. Na ukinunua maziwa ya pakiti, tafuta maandishi madogo pale chini: palipokuwa na mililita 500, kwenye pakiti nyingine sasa ni 450, nyingine 400, na sufuria ya chai nyumbani ni ile ile.