Si mkaguzi peke yake anayebadilisha shamba la chai

Wengi huamini kwamba kampuni kubwa ya viwanda huwafanya wanaoiuzia malighafi watunze mazingira kwa njia moja tu: kuwapelekea masharti yaliyoandikwa, kuwatumia mkaguzi na kuwatishia kuvunja mkataba. Ukaguzi upo, lakini hugundua kosa bila kumfundisha mtu kulima vingine.

Chai ya Kenya yaonyesha hilo. Mwaka 2007 Unilever, iliyomiliki chapa ya Lipton wakati huo, ilitangaza kwamba itahamia kwenye chai yenye cheti cha Rainforest Alliance, shirika linalothibitisha mazao yaliyolimwa kwa kutunza mazingira. Mashamba yake yenyewe ya Kericho yalipata cheti mapema. Ugumu ulikuwa kwa mamia ya maelfu ya wakulima wadogo wanaouza majani mabichi kupitia KTDA (shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima hao), ambao hakuna mkaguzi angeweza kuwazungukia wote. Kwa hiyo kampuni, pamoja na KTDA na washirika wengine, ilisaidia kuanzisha mashamba darasa, ambamo wakulima walijionea wenyewe, kwa mfano, faida ya kuacha matawi yaliyopogolewa yaozee chini ya michai badala ya kuyabeba nyumbani kuwa kuni, ili udongo uhifadhi unyevu na rutuba. Cheti chenyewe kilitolewa kwa kundi la wakulima wanaopeleka majani kwenye kiwanda kimoja, si kwa kila shamba.

Mafunzo, hata hivyo, hayaondoi swali la bei. Mkulima aliyeacha kuni za bure shambani hana budi kutafuta nyingine, na mnunuzi asiyeongeza hata senti kwenye kilo, kwa maoni yangu, amehamishia gharama kwa upande usio na nguvu ya kujadiliana.