Mkristo akidhulumiwa kazini, anyamaze?

Saa ya chakula kule Industrial Area, Nairobi, vibarua wakilalamikia ujira uliokatwa, hakosi mmoja wa kuwatuliza kwa mstari wa Biblia. Ajabu ni kwamba mstari huo mara nyingi humfaa mwenye kampuni.

Dhana: Yesu alituambia tugeuze shavu la pili, kwa hiyo tunyamaze.

Alisema hivyo, kweli. Lakini alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu (Yohana 18), alimtaka aliyempiga aonyeshe kosa ni lipi. Kama halipo, anampigia nini? Hakurudisha kofi, wala hakujifanya hakuna lililotokea. Paulo naye kule Filipi alichapwa hadharani bila kuhukumiwa, na mahakimu walipotaka aondoke kimyakimya, akakataa: waje wenyewe wamtoe. Kilichokatazwa ni kisasi. Kuuliza hakujakatazwa.

Basi anayefukuzwa kwa tuhuma za wizi akaomba kusikilizwa, asiambiwe ana kiburi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha amsikilize kabla ya kuamua.

Dhana: Kanisa likitetea haki, limeingia siasa.

Mwaka wa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofurushwa Uhuru Park kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, walipata hifadhi katika kanisa la All Saints, hatua chache kutoka hapo, wakaendelea kudai wana wao. Sijui ni Injili ipi ingewafungia mlango.

Dhana: Wadhalimu ni matajiri na serikali.

Hapa ndipo panapouma. Tunaokemea ufisadi kwenye ibada ya Jumapili ndio hao hao wenye dada wa nyumbani kule Umoja na Buruburu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kuambiwa mshahara wake “utatoka wiki ijayo”. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema alipwe kabla jua halijachwa. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Sheria nayo inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Ni nyumba ngapi za waumini zinazompa hata hiyo Jumapili aende kanisani?

Dhana: Kushtaki ni kukosa imani.

Katika 1 Wakorintho 6 Paulo aliwakemea ndugu wa kanisa moja walioburutana mahakamani, na Mathayo 18 inataka kwanza umwendee mkosaji mkiwa wawili tu. Lakini Paulo huyo huyo alikata rufani kwa Kaisari. Ukishazungumza na mwajiri asisikie, nenda ofisi ya leba, au Mahakama ya Ajira pale Milimani. Hifadhi barua na jumbe za M-Pesa za mshahara. Na usikawie: madai ya mkataba wa kazi kwa kawaida hufungiwa mlango baada ya miaka 3, hata kama ulikuwa ukiyaombea.