Sayansi ya jikoni na sayansi ya kibanda umiza

Maharage ndiyo yaliyonichokoza. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ile ya kufunga madirisha kabla jua halijazama, nami niko jikoni nasikiliza kitabu cha sauti kuhusu joto. Msomaji akasema maji huchemka kwenye nyuzi 100, akaendelea zake. Mbele yangu sufuria ya maharage inatokota vizuri kabisa. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na siku ile kipimajoto cha shule kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikabandika maji matupu, nikasubiri yachemke kwelikweli, nikakitumbukiza. Kikasimama kwenye 94.

Msomaji hakudanganya. Zile 100 ni za pwani, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Huku kwetu hewa hiyo ni pungufu, kwa hiyo mvuke haungoji joto lote lile. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 unazopanda zinakupunguzia nyuzi moja hivi. Sasa, kinachoivisha maharage ni joto la maji, wala si wingi wa mapovu. Ukichochea kuni mpaka sufuria irukeruke, maji yatabaki palepale kwenye 94, utakuwa unamaliza kuni tu. Dada yangu aliyeolewa Kyela, kule chini karibu na ziwa, kila akija kututembelea hulalamika kwamba mkaa wa Mbeya hauna nguvu. Mkaa hauna kosa, dada. Na wanaopika kule Kitulo, juu ya mita 2,600, nawapa pole.

Kilichoniuma ni kwamba kitabu kile nilikuwa nakisikiliza kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ile 100 ilinipita sikioni nikiwa nafua, wala sikushtuka. Mwalimu mzima! Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria sana namna tunavyojifunza sayansi kwa masikio na kwa filamu, maana wanafunzi wangu wa klabu ya sayansi wanafanya hivyo kila siku kwenye simu, na wazazi wao huniuliza kama ni kujifunza au ni kupoteza bando.

Nianze na sikio. Sikio halirudi nyuma. Kitabu cha karatasi kikikushinda unarudi mstari juu, unakodoa macho, unachora pembeni. Sauti inakwenda na muda wake. Kwa hiyo namba zinamwagika. Jaribu kumsomea mtu kwa mdomo mlinganyo wenye herufi tano uone sura yake. Ila kisa, sababu, mabishano ya wanasayansi wawili waliochukiana miaka ishirini, hayo sikio linayashika kuliko jicho. Sisi watu wa hadithi za jioni hatuhitaji kuelezwa hilo. Ndiyo maana historia ya uvumbuzi, magonjwa, tabia za wanyama na safari za angani huwa tamu kwa sauti, na umeme wa sumaku huwa adhabu.

Michael Faraday, aliyekuja kutupa msingi wa jenereta, alianza kwa masikio. Alikuwa kijana wa kujalidi vitabu London, shule kidogo sana. Mwaka 1812 akapata tiketi za kwenda kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa wakati ule. Wenzake walisikiliza wakapiga makofi. Yeye aliandika, akarudi nyumbani akanakili upya na kuchora vifaa alivyoviona, akajalidi kurasa zake zikawa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata alikuwa ameajiriwa katika maabara yake. Mihadhara ilikuwa ileile kwa ukumbi mzima. Tofauti ilikuwa kwenye daftari.

Wala tusiende mbali hadi London. Mama yangu ananisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ya kufundisha watu afya kwa redio. Redio moja, watu wamekaa mviringo, kipindi kikiisha redio inazimwa. Hapo ndipo kazi inaanza: kiongozi anafungua kijitabu, wanasoma, wanabishana, wanaamua nani anachimba choo na lile dimbwi la mbu litafukiwa lini. Karibu watu wazima milioni mbili nchi nzima walipita kwenye vikundi vile. Mama hakumbuki sauti ya mtangazaji hata kidogo. Anakumbuka ubishi wa kama mbu kweli anaweza kumwangusha mwanaume mwenye mwili wa kazi. Nikimuuliza nani alishinda, anacheka.

Hapo nimejifunza kitu ambacho waundaji wa programu za simu hawajakiweka: kitufe chenye thamani kuliko vyote ni cha kusimamisha. Ninaposikiliza kwenye kosta ya Tukuyu nasimamisha kila dakika kumi hivi, najiuliza kwa Kiswahili amesema nini. Kwa Kiswahili, nasisitiza. Vitabu vingi vya aina hii ni vya Kiingereza, na Kiingereza kina hila ya kukufanya ujione umeelewa kwa sababu tu umelitambua neno. Nikikwama kulisema jambo hilo kwa maneno ambayo jirani yangu wa kiti angeyaelewa, narudisha nyuma dakika mbili. Abiria wameshazoea kuniona nikibwabwaja peke yangu.

Kuhusu gharama niseme haraka. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa kumi hakifiki MB 300. Filamu ya saa moja yenye picha ya kawaida inaweza kupita hapo peke yake. Pakua usiku, sikiliza mchana. Na usikimbize sauti mara mbili kama wanavyofanya vijana wangu, labda kama unatafuta sifa ya kumaliza.

Sasa filamu. Shule yetu tuna projekta ya kuazima na shuka jeupe, na umeme ukiwa na adabu tunaonyesha dokumentari Ijumaa jioni. Mwanzoni niliwawekea na Kiingereza chake, nikaona macho yanatazama na vichwa viko mbali. Nikakumbuka kibanda umiza cha utoto wetu, banda lile la kuonyeshea video, pale Wachina walipokuwa wakipigana na jamaa wa kipaza sauti akitufasiria kwa Kiswahili, akiongeza chumvi yake. Basi nikazima sauti ya filamu, nikawa mtafsiri. Sasa wananiita DJ, hata mbele ya mkuu wa shule.

Kazi ya utafsiri ndiyo iliyonionyesha jinsi filamu zinavyopikwa. Ukizima sauti unaanza kujiuliza sauti ile ilitoka wapi. Mpiga picha wa wanyama anatumia lenzi ndefu, yuko mbali, pengine mita mia mbili. Hatua za chui kwenye majani makavu hazimfikii. Nyingi ya sauti hizo hutengenezwa studio baadaye, mtu akisugua na kukanyaga vitu mbele ya kinasa sauti. Wanafunzi walikataa kuamini, nikawapa hesabu. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Volkano ikipigwa picha kutoka kilomita tatu, mlipuko uonekane kwanza, kishindo kifuate baada ya sekunde kama tisa. Kwenye filamu vinafika pamoja, kila mara. Wiki ileile radi ilipiga upande wa Loleza, wakaanza kuhesabu kwa sauti tangu mwanga hadi ngurumo, darasa zima. Mwalimu wa Kemia aliyekuwa akifundisha chumba cha pili hakufurahi.

Mwendo wa polepole nao una hesabu yake. Kamera ikichukua picha 1,000 kwa sekunde na filamu ikachezwa kwa picha 25, sekunde moja imekuwa sekunde 40. Ulimi wa kinyonga unaouona ukijinyoosha kwa madaha, uhalisi wake ni kufumba na kufumbua. Huo si uongo, ni hadubini ya muda, na naona ndiyo zawadi kubwa ambayo filamu imetupa sisi walimu. Hakuna kitabu kinachoweza kufanya hivyo, cha karatasi wala cha sauti.

Uongo ninaopigana nao ni ule wa rangi nyekundu. Filamu karibu zote za volkano na matetemeko huchora chini ya ganda la dunia bahari ya moto, uji mwekundu unaobubujika, na mabamba ya ardhi yakielea juu yake kama mitumbwi. Nikawauliza wanafunzi kuna nini chini ya Mlima Rungwe, volkano yetu ya huku Mbeya, wakajibu kwa kauli moja: bahari ya moto. Sivyo. Tabaka lile nene lililo chini ya ganda ni mwamba mgumu. Ukiweza kulichota na likabaki na joto na mgandamizo wake, ungeligonga kwa nyundo. Ila ni gumu linalotiririka, polepole mno.

Hapo lami ilinisaidia. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliweka lami nzito kwenye faneli mwaka 1927. Ukiigonga inavunjika kama chupa. Mwaka 1930 wakaifungua shingo, na kufikia 2014 ilikuwa imedondosha matone tisa tu. Kitu kimoja, kigumu kwa nyundo na kimiminika kwa miaka. Mwamba wa chini yetu una tabia ya namna hiyo, kwa muda mrefu zaidi sana.

Moto wa Rungwe je, unatoka wapi? Mbeya imekaa pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana: mmoja unatoka Rukwa, mwingine unashuka kuelekea Ziwa Nyasa, wa tatu unaelekea Usangu. Ganda hapa linavutwa, milimita chache kwa mwaka. Linapokonda, mwamba wa chini unapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu ndogo tu yake inayeyuka bila hata kuongezewa joto. Mantiki ni ileile ya maharage: punguza uzito wa juu, na kitu kinabadili hali kwenye joto dogo zaidi. Niliposema hivyo darasani nilijisikia mwerevu kupita kiasi, nakiri.

Kisha nikawapeleka Rungwe, kwenye ukingo wa barabara uliokatwa. Mlima ule ulilipuka vibaya sana miaka kama 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe mepesi yenye matundu. Kila mmoja akachukua lake na kulitia kwenye ndoo ya maji. Yakaelea. Kulikuwa na kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwenye Ijumaa yoyote ya projekta.

Sasa wanarekodi kitabu chao cha sauti, kwa Kiswahili, kuhusu mlima wao. Wamefika dakika ya kumi na moja na wamekwama kwenye lile tabaka gumu linalotiririka: walifananishe na nini ili bibi wa Tukuyu aelewe? Mmoja anataka lami. Mwingine anasema bibi yake hajawahi kuigonga lami, anataka ugali uliolala. Wa tatu akauliza kama ugali uliolala unatiririka, na hapo wakagawanyika. Tuliuweka mmoja umeegeshwa kwenye sahani, tukauwekea alama kwa kalamu. Mvua ikaanza kupiga bati, tukazima kinasa sauti.