Jason Johnson, gari namba 41, na kilichosimama nje ya uwanja

Jason Johnson alifariki Jumapili ya tarehe 24 Juni 2018, akiwa na miaka 41. Usiku uliotangulia alikuwa Beaver Dam, Wisconsin, akigombea uongozi na dereva mwenzake Daryn Pittman katika mbio za World of Outlaws, ligi kuu ya Marekani ya magari ya sprinti, yanayokimbizwa kwenye viwanja vya udongo. Kwenye mzunguko wa 18, kona ya tatu, gari lake lilipaa, likavuka ukingo wa uwanja na kugonga mabango ya matangazo. Kila anapokumbukwa, swali linalofuata huwa hili: mtu aliyefungwa ndani ya kizimba cha chuma, kwenye kiti kilichomkumbatia hadi kichwani, anafaje? Jibu linahitaji kulielewa gari lenyewe kwanza.

Aliyezoea magari ya Safari Rally itabidi aanze upya. Gari la sprinti la daraja la 410 lina injini ya V8 ya inchi za ujazo 410, yaani lita 6.7, inayokunywa methanoli na kutoa nguvu farasi 900 hivi. Uzito wote, dereva akiwa ndani, ni kama kilo 640. Halina klachi, halina giaboksi, halina stata. Linasukumwa kwa nyuma na gari jingine likiwa limeshaingizwa gia yake moja. Dereva anaangalia presha ya oili hadi ipande, ndipo anapowasha swichi ya magneto na injini inanguruma. Akiwasha mapema, beringi za injini zinasagana zikiwa kavu, na injini yenyewe ni ya maelfu ya dola.

Ekseli ya nyuma haina difu. Magurudumu yote mawili yanazunguka kwa pamoja, kwa hiyo ili gari likate kona ya kushoto, tairi la kulia linafungwa kubwa kuliko la kushoto, na tofauti ya mzingo wao mara nyingi inapita sentimita 20. Upepo ni mdogo kiasi cha kumshangaza fundi yeyote wa pancha: psi 6 au 7 kushoto nyuma, psi 10 hadi 12 kulia. Tairi laini linajikunja na kuukumbatia udongo. Dereva anaelekeza gari kwa mguu wa mafuta kuliko kwa usukani. Akikanyaga, mkia unatoka nje na pua inaingia ndani ya kona. Akiachia ghafla, gari linajinyoosha na kuelekea ukutani.

Juu ya yote kuna bawa, mraba wa mita moja na nusu kila upande, na dogo jingine mbele la sentimita 60 kwa 90. Wengi wanajua kwamba bawa linalikandamiza gari chini. Kisichoonekana haraka ni kazi ya zile mbao zake za pembeni, yaani kuta bapa zilizosimama kila upande wa bawa. Gari linapoteleza kiubavu kwenye kona, upepo unazipiga kutoka kulia na kulisukuma gari kuelekea katikati ya uwanja. Ndiyo maana gari lenye bawa linaingia kona kwa kasi ambayo lisilo na bawa haliwezi, na ndiyo maana likipoteza upepo huo linapoteza kila kitu kwa mpigo.

Hapo ndipo uwezo wa Johnson ulipoonekana. Alizaliwa Eunice, Louisiana, na wakamwita Ragin' Cajun. Alikulia katika magari ya injini ndogo ya 360, akawa bingwa wa ASCS, ligi ya magari hayo ya 360, mara tano kabla ya kuingia World of Outlaws muda wote na timu yake mwenyewe. Dereva mwenye timu analipa tairi, analipa injini, na bili ya kila bawa lililokunjika inamrudia yeye. Mtu wa namna hiyo anajifunza kutunza gari hadi mwisho wa mbio.

Agosti 2016 alishinda Knoxville Nationals, Iowa, mbio ambazo kila dereva wa sprinti angetoa zingine zote azipate. Uwanja wa Knoxville una urefu wa nusu maili, na gari linauzunguka kwa sekunde 15 hivi, wastani unaozidi kilomita 190 kwa saa. Fainali ilikuwa ya mizunguko 50. Donny Schatz alikuwa ameshinda miaka mitano mfululizo, na Johnson alimpita mizunguko michache kabla ya bendera.

Kumpita Schatz dakika za mwisho si suala la ujasiri tu. Tangi linakaa mkiani, na likiwa limejaa linabeba lita mia na ushee. Mwanzo wa mbio mkia ni mzito na tairi za nyuma zinashika. Kadiri methanoli inavyoisha, mkia unakuwa mwepesi, wakati huohuo uwanja unakauka na kung'aa kama sakafu iliyopigwa saruji. Dereva ana kijiti cha haidroliki kinachosogeza bawa la juu mbele au nyuma huku akiendesha. Akilirudisha nyuma mapema mno, tairi za mbele zinapoteza uzito na usukani unakuwa wa bure. Akichelewa, tairi la kulia nyuma linazunguka bila kushika, linapata moto, na likishapata moto halirudi tena usiku huo. Kujua ni sentimita ngapi, mzunguko wa ngapi, ndiko kunakomtenga bingwa na wanaomfuata.

Sasa turudi kwenye kupaa. Magari haya huruka kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni gurudumu kugusa gurudumu. Hakuna madigadi, tairi ziko wazi. Sehemu ya nyuma ya tairi linalozunguka inapanda juu. Tairi la mbele la gari linalofuata likiigusa, linavutwa nalo na kulinyanyua gari zima. Mguso wa kufumba na kufumbua unatosha. Njia ya pili haihitaji mtu mwingine. Kadiri mbio zinavyoendelea, udongo laini unasukumwa nje na kujenga tuta karibu na ukuta. Madereva wanaegemeza tairi la kulia nyuma kwenye tuta hilo kwa sababu ndiko kwenye mshiko. Lakini tuta likiwa na shimo, au tairi likipanda juu yake badala ya kuegemea, tairi linang'ata ghafla. Mwendo wa kwenda pembeni unakosa pa kwenda isipokuwa juu. Pua ikishainuka, upepo unaingia chini ya bawa, na kile kilichokuwa kikilikandamiza gari kinaanza kulibeba.

Uwanja mfupi si salama zaidi. Beaver Dam ni theluthi moja ya maili tu, kama mita 536, lakini una mwinamo, na kona zinafuatana bila nafasi ya kupumua.

Kuhusu ndani ya gari, kazi kubwa imefanyika. Kizimba ni mabomba ya kromoli, kipenyo cha kama inchi moja na nusu. Bawa, ekseli na magurudumu yanapokunjika na kung'oka, watazamaji wanashtuka, lakini kila kipande kinachoondoka kinaondoka na sehemu ya nguvu ya ajali, kwa hiyo ubao wa bawa uliosagika ni habari njema. Kiti ni cha alumini, chenye mbavu zinazoshika mabega na mbawa zinazoshika kichwa pande zote. Kifaa cha HANS kinazuia kichwa kisitupwe mbele na kuvunja shingo.

Mikanda ndiyo inayofungwa vibaya kuliko vyote. Mkanda wa kiunoni lazima ukae juu ya mfupa wa nyonga. Ukikaa tumboni, unakata viungo vya ndani. Mikanda ya mabegani itokee nyuma ya kiti usawa wa mabega au chini kidogo tu. Ikishuka sana, ajali inapotokea inavuta mabega kwenda chini na kuubana uti wa mgongo. Muda wake wa matumizi ni miaka miwili kwa kiwango cha SFI, taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mbio, hata kama unaonekana mpya, kwa sababu jua linakula nyuzi na jicho halioni. Anayebania hapo anabania pabaya.

Lakini hesabu zote hizo zinadhani kwamba gari litapinduka mara nyingi, lipunguze nguvu kidogo kidogo, kisha lisimame. Kupinduka mara saba kwenye udongo mtupu mara nyingi kunamwacha dereva akitembea. Kusimama mara moja dhidi ya nguzo ni jambo jingine kabisa: gari linasimama, kizimba kinasimama, na mwili ulio ndani bado una kasi ileile. Mabango na nguzo zake vinawekwa hapo kwa ajili ya kulipa gharama za uwanja, na aliyevisimamisha hakuwa akiwaza gari la kilo 640 likishuka kutoka angani. Kwa maoni yangu, mjadala wa usalama umekaa muda mrefu mno kwenye helmeti na kiti, huku mita kumi za nje ya kona ya tatu zikiachiwa idara ya matangazo. Kitu kigumu kilicho kwenye njia ya gari linaloruka kiondolewe, au kiwekewe wavu wenye nyaya na nguzo zilizosimama upande wa pili wa wavu huo.

Hata ndani bado kuna upungufu. Dereva Bryan Clauson, aliyeongoza mizunguko mitatu ya mbio za Indianapolis 500 mwaka 2016, alikufa Agosti mwaka huohuo baada ya ajali ya Belleville, Kansas, akiwa kwenye gari la midget, ndugu mdogo wa sprinti: lilipinduka, kisha likapigwa na gari jingine lililokuwa likija. Na miezi mitatu baada ya Johnson, tarehe 20 Septemba 2018, dereva mwingine wa sprinti, Greg Hodnett, alifariki kwa ajali kwenye uwanja wa BAPS, Pennsylvania, akiwa na miaka 49.

Timu ya Johnson haikufungwa. Mkewe, Bobbi, aliiendeleza pamoja na fundi mkuu Philip Dietz, na namba ikabaki ileile. Agosti 2019 David Gravel aliliendesha gari namba 41 na kushinda Knoxville Nationals, miaka mitatu baada ya Johnson kushinda hapohapo. Tangu 2021 kiti kimekuwa cha Carson Macedo.