Nini maana ya kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu katika uendelevu?

Uendelevu ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Maana hiyo ilienea kupitia ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland. Mwaka 1990, wakuu wa vyuo vikuu waliokutana Talloires, Ufaransa, walitoa azimio la kuuingiza uendelevu katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji wa vyuo vyao.

Na wanafunzi je? Wengi wakisikia wanafunzi "wameshirikishwa", hufikiria siku ya kupanda miti: fulana, picha, kisha miche isiyo na wa kuimwagilia likizo ikifika. Huko ni kuhudhuria tu. Kushirikishwa ni kupewa taarifa, sauti katika maamuzi na nyenzo za kutenda. Mwanafunzi anaoneshwa bili ya umeme ya chuo, anakaa kwenye kamati inayojadili matumizi yake, na hoja yake inaweza kubadili uamuzi.

Njia ninayoiamini zaidi ni kukigeuza chuo chenyewe kuwa maabara. Wanafunzi wa uhandisi wanapima maji yanayovuja mabwenini. Wa uhasibu wanakokotoa fedha zinazopotea. Wa saikolojia wanachunguza kwa nini taa huachwa zikiwaka vyumba vikiwa vitupu. Kazi hiyo inahesabiwa alama kama somo lolote, na matokeo yanapelekwa kwa idara ya majengo, ambayo inapaswa kuyajibu. Hapo kwenye kujibu ndipo penye ugumu. Ripoti ikiishia kabatini, mwanafunzi hujifunza kwamba juhudi zake hazina uzito, na hilo halisahauliki upesi.

Kikwazo kingine ni muda: mwanafunzi anakaa miaka mitatu au minne, halafu anaondoka. Ndiyo maana ofisi ya uendelevu inayoendeshwa na wanafunzi, iliyoanza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, imeigwa na vyuo vingine. Katika mfumo huo ofisi inatambuliwa rasmi, ina bajeti, na wanafunzi wanalipwa kwa kazi yao. Anayehitimu hukabidhi takwimu, mawasiliano na miradi ambayo haijakamilika, ili shughuli ya kutengeneza mboji iliyoanzishwa na kundi moja isife siku ya mahafali yao.